Miradi ya Wanafunzi wa Vyuo Vikuu Kambini Kwetu: Ufunguo Ubaki kwa Nani?

(Hotuba ya walimu wakimbizi, iliyosomwa katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni, kambi ya Dzaleka, Malawi)



Sisi walimu tunashukuru kupewa nafasi hii. Upepo wa Juni ni mkali na watoto wa ngoma wanasubiri zamu yao, kwa hiyo hatutakawia. Kamati imetuomba tuseme juu ya miradi inayoletwa hapa na wanafunzi wa vyuo vikuu kwa fedha za ruzuku. Iko barua moja mezani kwa Kamati kuhusu jambo hilo, nayo tutaifikia.

Kambi yetu ilifunguliwa mwaka 1994, mahali palipokuwa gereza, ikakusudiwa watu kama 10,000 hadi 12,000. Leo tumepita 50,000. Wazazi mliopo mnajua maana yake darasani: mtoto aliyechelewa anasimama mlangoni kwa sababu ndani hakuna sakafu ya kukalia. Basi mtu akija na fedha akasema anataka kusaidia shule, hatuna ubavu wa kumdharau.

Wengi hapa hudhani kwamba mwanafunzi anayekuja na mradi ni mtoto wa tajiri, au fedha ni za chuo chake. Mara nyingi sivyo. Tuchukue mfano mmoja unaojulikana. Nchini Marekani alikuwako mama mmoja, Kathryn Wasserman Davis. Mwaka 2007, alipotimiza umri wa miaka 100, alitoa dola milioni moja ili wanafunzi wa vyuo waendeshe miradi 100 ya amani, kila mradi dola 10,000. Mama huyo alifariki mwaka 2013, lakini mpango haukufa naye. Mwanafunzi huandika andiko la mradi: atafanya nini, wapi, pamoja na nani, kwa gharama gani. Andiko likichaguliwa anapewa fedha, na kwa kawaida hufanya kazi hiyo wakati wa likizo, kisha hupeleka ripoti na hesabu. Tafadhali likumbukeni neno hilo, likizo. Kalenda ya mradi ni ya masomo yake yeye. Si kalenda ya mvua zetu wala ya mitihani yetu.

Iko pia njia nyingine ya wanafunzi kusaidia, na tungekosa adabu kutoitaja. Kule Kanada, tangu mwaka 1978, wanafunzi wa vyuo vikuu kupitia shirika la WUSC huwachukua vijana wakimbizi wakasome nao. Vyuoni wanafunzi wenyewe hupiga kura wakubali kuchangia fedha kidogo kidogo. Zaidi ya vijana 2,000 wamepita njia hiyo, wakiwamo watoto wa kambi hii. Hiyo ni ruzuku isiyo na utepe wa kukata wala picha ya ufunguzi. Kuna na ufadhili wa DAFI, ulioanzishwa mwaka 1992 kwa fedha za Ujerumani. Na hapa hapa Dzaleka, kuanzia mwaka 2010, Wajesuiti walileta masomo ya stashahada ya chuo kikuu cha Regis cha Marekani, pamoja na kozi fupi za huduma kwa jamii.

Tunayasema haya kwa sababu moja. Mwaka 2019 wakimbizi waliofika elimu ya juu duniani walikuwa 3 katika kila 100, na UNHCR wameweka lengo la kufika 15 ifikapo mwaka 2030. Lengo likikaribiwa, watakaotuandikia barua za miradi hawatakuwa wageni tu. Watakuwa watoto wetu. Je, tutawapokea namna ile ile tuliyowapokea wageni?

Miaka kadhaa iliyopita walikuja hapa wanafunzi wanne wa chuo kikuu kimoja cha mbali, ambacho hatutakitaja. Walikuwa vijana wenye adabu. Walikula ugali na usipa pamoja nasi, walibeba matofali kwa mabega yao. Kwa wiki tisa wakajenga chumba cha maktaba, wakaweka rafu, vitabu, sola moja na betri yake. Siku ya ufunguzi tulicheza ngoma, tukapigwa picha, tukapewa soda. Wiki iliyofuata walirudi masomoni.

Vitabu vilikuwa vizuri kwa watoto wa kwao. Vilieleza habari za theluji na za mbwa anayelala ndani ya nyumba. Watoto wetu husoma kwa mtaala wa Malawi. Darasa la 8 mtihani unawangoja kwa Kiingereza, na katika somo la Chichewa wanahangaika, maana nyumbani wanasema Kiswahili, Kinyarwanda au Kirundi. Kitabu cha Chichewa hakikuwamo hata kimoja. Betri ilikufa kabla ya mvua za pili, na fedha ya betri nyingine haikuwako, kwa sababu hesabu ya mradi ilikuwa imefungwa siku ile ile ya soda.

Lakini ndugu zetu, tusiwalaumu wao peke yao. Barua ya kuunga mkono mradi ule tuliiandika sisi walimu. Waliuliza kama shule inahitaji maktaba, tukajibu ndiyo. Nani angejibu hapana? Hatukusema ni vitabu gani. Hatukuuliza nani atakaa pale jioni, na atakula nini. Tuliogopa kwamba tukiuliza sana mradi utahamia kambi nyingine. Na mmoja wetu alipokabidhiwa ufunguo aliogopa wezi, akaufunga mlango, watoto wakawa wanavitazama vitabu kupitia dirishani. Mtoto wa darasa la 4 alituuliza kama chumba kile ni ofisi. Kosa hilo ni letu, na tumeona heri tuliseme wenyewe mbele yenu.

Baadaye tuliona namna nyingine. Binti mmoja tuliyemfundisha hapa alipata nafasi ya chuo kikuu, akarudi wakati wa likizo na ruzuku ndogo, haikufika dola 1,000. Wiki mbili za kwanza hakununua kitu chochote. Watu wakaanza kunong'ona sokoni kwamba fedha amezila. Kumbe asubuhi alikuwa anakaa nyuma darasani, na jioni anawafuata watoto nyumbani. Akaona jambo ambalo sisi tunaokaa mbele ya darasa hatukuliona: wasichana wa darasa la 8 hawakuwa wanakosa vitabu kwanza, walikuwa wanakosa saa. Wakitoka shule wanapanga foleni bombani hadi giza, na giza likiingia hakuna taa.

Alichofanya ni kwenda kwa viongozi wa mabloki, akawaomba Jumamosi asubuhi madumu ya watahiniwa yatangulie kwenye foleni. Wazee walibishana siku tatu, wakakubali. Jambo hilo halikugharimu hata kwacha moja, na bila hilo mengine yote yasingesimama. Fedha zake zilikwenda kwenye ubao, taa, kunakili mitihani ya miaka iliyopita, na posho ndogo ya wasaidizi sita, kati yao wawili wanaokijua Chichewa vizuri. Kila msaidizi alipewa mwenzake wa kujifunza kando yake. Tulimwuliza kwa nini awe na watu wawili kwa kazi ya mmoja. Akajibu kwamba yeye amekulia hapa, anajua orodha ya kuhamishiwa nchi ya tatu haisubiri mtihani. Mwaka uliofuata wasaidizi wawili waliitwa wakaondoka, na wenzao wakashika chaki Jumamosi iliyofuata.

Darasa lile lipo hadi leo. Hatusemi halina kasoro: mvua ikinyesha kwa nguvu tunavunja kipindi kwa sababu ya paa, na wavulana wanakuja wachache kuliko tulivyotaka. Karatasi zinanunuliwa kwa mchango wa wazazi. Ufunguo wa sanduku la taa anao mama mmoja mwuza mandasi, jirani wa darasa, maana yeye huwa yupo saa zote.

Ndugu zetu wa mashirika, kwenu tuna neno moja, tulisema kwa heshima. Fomu zenu huuliza watu wangapi wamefaidika hadi siku ya kufunga mradi. Ongezeni mstari mmoja: baada ya mwaka kuna nini? Tena, mwanafunzi anayekuja kujitolea amelipiwa nauli, chakula na mahali pa kulala, nasi tunafurahi kwamba amelipiwa. Lakini mkimbizi anayeombwa ajitolee pamoja naye hana ruhusa ya kutafuta ajira kwa uhuru nje ya kambi, na mgao wake mnaujua kuliko sisi. Mkimwandikia posho katika hesabu, msiiite upotevu. Insentivu hiyo ndogo ndiyo inayoufungua mlango jioni.

Sasa tufike kwenye barua. Wanafunzi watatu wa chuo kikuu, wawili wao watoto wa kambi hii, wanaomba barua ya Kamati ili watafute dola 10,000 za kujenga chumba cha kompyuta. Watakaa wiki kumi. Wanasema barua wanaihitaji kabla ya Desemba. Tumesikia wazee wengine wakisema wapewe upesi, fedha ni fedha. Tumesikia na vijana wakisema wakataliwe, tumechoka kupigwa picha. Sisi walimu hatukubaliani na upande wowote kati ya hizo mbili. Desemba bado iko mbali. Kamati iwajibu sasa, kwa Kiswahili, maana wawili wanakielewa na watamfasiria wa tatu. Iwaulize umeme utatoka wapi na nani atalipa ukikatika. Iwaulize kwa nini kompyuta na si kitu kingine, nani kambini waliongea naye kabla ya kuandika, na ni nani atakayeitwa mwalimu wa chumba hicho wiki ya kumi na moja. Wakijibu vizuri, sisi tutakuwa wa kwanza kutia sahihi. Wakishindwa kujibu, tuwasaidie kuliandika upya andiko lao, maana tuliwafundisha kuandika sisi.

Na sisi pia tuna deni. Chumba kile cha maktaba bado kipo, kuta zake ni nzima. Tumekwisha toa vitabu vya theluji katika rafu mbili, na tunaomba kila mwenye kitabu cha zamani cha Chichewa cha darasa la 5 hadi la 8 akilete kwa mwalimu wa zamu. Kuanzia Jumatatu mlango utakuwa wazi saa tisa hadi saa kumi na moja jioni. Ufunguo tumeuleta hapa, Ndugu Mwenyekiti, tunaukabidhi kwa Kamati mbele ya watu wote, mtuchagulie mtu wa kuushika.

Tunawapisha watoto wa ngoma.