Jino Lipi? Tuhakikishe Kabla ya Sindano

(Hotuba kwa wanachama wa Nyeri, Karatina, Kiganjo na Nanyuki)



Sisi watu wa reli twajua jambo moja: katika njia ya treni moja, dereva haondoki stesheni mpaka apewe ruhusa, hata kama anaona njia ni nyeupe. Kazi ya kung'oa meno yataka desturi hiyo hiyo. Gego zima likishang'olewa halioti tena, na lile bovu limebaki likiuma. Mfanyakazi amelipa, amepoteza siku ya kazi, na bado hana budi kurudi.

Makosa haya hutokeaje? Kwanza, daktari hututazama uso kwa uso, hivyo kulia kwetu ni kushoto kwake. Pili, picha ya eksirei ikigeuzwa, upande hubadilika. Tatu, hesabu za meno si moja. Kwa hesabu ya nchi nyingi, jino la 16 ni gego la kwanza la juu kulia. Kwa hesabu ya Marekani, 16 ni gego la mwisho la juu kushoto. Nne, maumivu hudanganya: jino la chini laweza kuuma kama la juu.

Msidhani haya ni ya wajinga. Mwaka 2018, katika Hospitali ya Kenyatta, Nairobi, mgonjwa mmoja alipasuliwa kichwa kwa makosa badala ya mwenzake. Na tangu 2008 Shirika la Afya Duniani lilikwisha kutoa orodha ya kuhakikisha: mgonjwa ni nani, mahali ni wapi, kazi ni gani, kabla kisu hakijagusa ngozi.

Basi, ndugu, tukienda kwa daktari wa meno, tufanye hivi. Tutaje jina letu kamili wenyewe, tusiitikie tu. Tuonyeshe jino kwa kidole. Daktari aliguse, alinganishe na kadi na picha, kisha aseme kwa sauti: "Ni hili, la chini, kushoto." Akiona ni jino jingine, atueleze sababu kwanza. Yote haya yawe kabla ya ganzi, kwa maana ganzi ikiingia hatuwezi tena kusema panapouma. Mtoto asemewe na mzazi.

Kuuliza si utovu wa adabu. Dereva hamkasirikii mkuu wa stesheni kwa kuhakikisha njia. Wote wawili wataka treni ifike salama.