Kitabu Kimoja, Darasa Zima

Paukwa! Pakawa! Mwalimu wa darasa la kwanza, una kitabu kimoja tu cha ngano chenye picha, tuseme ngano ya sungura na fisi, na watoto wamejaa? Waketishe nusu duara, ukishike usawa wa macho yao. Anza na jalada: “Mnamwona nani? Sungura anamkimbia nani?” Kisha soma polepole, kidole kikifuata maneno; likitokea neno geni, picha italifafanua. Fisi anaponyemelea, nyamaza. Waache wabashiri kabla hujafunua ukurasa. Mwishoni funga kitabu: mmoja awe fisi, mwingine sungura, wasimulie kwa maneno yao. Kesho wachore tukio walilolipenda na kuandika sentensi moja chini yake. Nawe mzazi, jioni mwambie mwanao: “Haya, nisimulie!” Hadithi njoo, utamu kolea.