Mashine Isiyo na Tundu la Sidii

Ndugu wasikilizaji, wiki hii naomba mnivumilie. Mmezoea kunisikia nikizungumzia bei ya dagaa, barabara na vikao vya halmashauri. Leo nataka tuzungumze habari za gemu, hizi zinazochezwa kwenye televisheni kwa mashine ya PlayStation na ndugu zake. Wapo watakaosema mtu mzima mwenye watoto amekosa la kusema. Nami nakiri mapema kwamba nacheza. Nilianza na mashine ya kaseti, ile iliyoigwa kutoka Nintendo, wakati nyumba nzima ilikuwa na televisheni moja, na baba akitaka kusikiliza habari mchezo uliishia hapo hapo. Sijaacha tangu siku zile.

Sababu ya kulileta jambo hili hewani ni kijana mmoja jirani yangu hapa Pasiansi, ambaye sitamtaja jina kwa kuwa hakuniomba nimtangaze. Ana kibanda cha gemu. Ndani mna televisheni tatu, mashine mbili za PlayStation 3 na moja ya PlayStation 4, mabenchi mawili, na karatasi iliyobandikwa ukutani: Ukivunja padi unalipa. Mechi moja shilingi mia tano, anayefungwa anampisha mwenzake. Kwa kibanda hicho anamtunza mama yake, na amemsomesha mdogo wake hadi kidato cha nne. Jumamosi iliyopita alikuja nyumbani, akaniamkia, akakaa, akakataa chai. Nikajua jambo ni zito.

"Mzee," akasema, "nataka kuuza pikipiki ninunue PS5. Kuna mtu Dar ananipa kwa bei nzuri. Vijana wanahamia kibanda cha kule Kirumba, wanasema picha zangu za zamani."

Nikamwomba anionyeshe. Akatoa simu. Mashine nyeupe, nyembamba, inapendeza kama bibi harusi. Nikaikuza ile picha kwa vidole, nikaizungusha macho huku na huku. Haikuwa na tundu la sidii.

Ndugu msikilizaji usiyecheza, hapo penye tundu ndipo palipo na mazungumzo yetu ya leo. PlayStation 5 ilipotoka Novemba 2020 ililetwa ya aina mbili. Moja inameza sidii kama zilivyofanya zilizotangulia. Nyingine haina mlango wowote. Kila gemu sharti uinunue kwenye duka la intaneti na kuipakua. Hiyo ya pili ndiyo ya bei ya chini, na ndiyo aliyokuwa akipewa kijana wangu kwa "bei nzuri".

Sasa tupige hesabu ya kibanda. Sidii ni mali. Ukiichoka unaiuza, au unabadilishana na mwenye kibanda wa Nyamanoro. Gemu ya kupakua haiuzwi tena wala haiazimwi, inakaa ndani ya mashine kwa jina la akaunti yako. Halafu kuipakua kwenyewe ni kazi. Gemu moja ya mpira ya siku hizi ni makumi ya gigabaiti. Kwa bando la simu, ambalo ndilo intaneti ya kibanda, mtu anaweza kumaliza mapato ya siku kadhaa kabla hata refa hajapuliza filimbi ya kwanza.

Si hilo tu. Duka lenyewe la PlayStation linahudumia nchi zilizoorodheshwa, na Tanzania haimo. Wachezaji wetu hufungua akaunti wakijiandika kuwa wakazi wa Marekani au Uingereza, kisha hutafuta kadi za malipo za huko. Mei 2024 jambo hili liliwaumbua Sony mbele ya dunia. Walitangaza kuwa wanaocheza Helldivers 2 kwenye kompyuta lazima wawe na akaunti ya PlayStation, na mara ile gemu ikaondolewa sokoni katika nchi 177 zisizo na huduma hiyo. Wachezaji walipiga kelele, na baada ya siku chache kampuni ikarudi nyuma kuhusu akaunti. Sisi huku hatukupiga kelele. Tumezoea kuingia kwa mlango wa nyuma.

Mashine yenye tundu nayo inazidi kubanwa. PlayStation 5 nyembamba iliyotoka mwishoni mwa 2023 unaweza kuinunua bila kisoma sidii na kukichomeka baadaye, lakini kisoma hicho hakifanyi kazi mpaka kitambulishwe mara moja kwa intaneti. PlayStation 5 Pro, ya Novemba 2024, ilikuja bila kisoma sidii, nacho kinanunuliwa kando, kwa dola 700. Agosti 2025 wakaipandisha bei Marekani hadi 750, na ile ya kawaida yenye tundu ikafika 550, yaani zaidi ya shilingi milioni 1.3 kabla ya nauli na ushuru. Zamani mashine ilikuwa ikizeeka inashuka bei. Hii imezeeka miaka mitano na bei inapanda.

Nintendo nao, Switch 2 yao ilipotoka Juni 2025, baadhi ya gemu zake ziliuzwa kwa kadi isiyo na gemu ndani. Unanunua boksi, unachomeka kadi, nayo inakuambia: kapakue. Ni sawa na kununua gunia la mchele, ukifungua unakuta karatasi ya kukuelekeza ghala lilipo.

Wala sidii siku hizi si kinga ya kila jambo. The Crew, gemu ya mbio za magari ya Ubisoft, ilitoka 2014 na ilitaka intaneti kila dakika. Machi 31, 2024 mitambo yake ikazimwa, na aliyekuwa na sidii halali mkononi akabaki na kitu cha kuwekea kikombe. Kule Ulaya watu zaidi ya milioni moja walitia saini mwaka 2025 kudai gemu zisiuawe namna hiyo.

Lakini tusijifanye malaika. Vibanda vyetu vililelewa na PlayStation 2, mashine ya mwaka 2000 iliyouzwa zaidi ya milioni 155 duniani, na nyingi zilizopita mikononi mwetu zilikuwa zimechezewa ndani ili zisome sidii za kudurufu. Tulicheza Winning Eleven miaka na miaka, na sijui ni wangapi kati yetu waliolipa senti kwa aliyeitengeneza. Wenye viwanda wanapoziba tundu wana sababu zao, na sisi tumo ndani ya sababu hizo.

Na mashine mpya ni nzuri, nisiseme uongo. Mdogo wangu anayo, yenye tundu. Gemu inafunguka kabla hujaketi vizuri. Padi yake inakutetemekea viganjani hata unajua gari linapita kwenye changarawe au kwenye lami. Ila kwa mpira, ambao ndio chakula cha kibanda, sioni tofauti ya thamani ya pikipiki. EA Sports FC 26, iliyotoka Septemba 2025 (hizi ndizo tulizokuwa tukiziita FIFA mpaka ile ya 23), imetengenezwa pia kwa PlayStation 4. Nyasi si nzuri hivyo, mashabiki jukwaani ni wa karatasi, lakini goli ni goli. Kwa upande wa Konami ndiyo kwanza nasikitika: 2021 waliizika PES, wakaleta eFootball ya bure, iliyotoka mbichi kabisa, wachezaji wana nyuso kama waliong'atwa na nyuki. Imerekebishwa baadaye, ila wengi tulikuwa tumeshahama.

Nakumbuka mwaka 2020, Mbwana Samatta alipotoka Genk kwenda Aston Villa. Vijana wa hapa ambao Villa hawakuijua ghafla wote waliitaka. Lakini sidii ya FIFA 20 ilichapwa 2019, na ndani yake Samatta alikuwa bado Mbelgiji. Ama ununue bando upakue orodha mpya, ama umhamishe kwa mkono. Kijana wangu alimhamisha kwa mkono, usiku, peke yake, na kesho yake kibanda kikajaa. Machi mosi Samatta akafunga kweli Wembley dhidi ya Manchester City, na nadhani hiyo ndiyo siku aliyouza mechi nyingi kuliko zote.

Kwa hiyo nilimshauri: usiuze pikipiki. Tafuta PlayStation 4 ya pili, iliyotumika, yenye tundu, weka FC mpya, nunua padi mbili nzuri. Akanyamaza. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia.

"Mzee, si ulinisimulia ile gemu inayozungumza Kiswahili? PS4 inaisoma?"

Nilikuwa nimemsimulia kweli. Inaitwa Tales of Kenzera: Zau, ilitoka Aprili 2024, kazi ya Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, aliyeitunga akimwomboleza baba yake. Kijana mganga aitwaye Zau, mwenye kinyago cha jua na cha mwezi, anakwenda kupatana na Kalunga, mungu wa mauti, amrudishie baba yake. Nilicheza kwa mdogo wangu, nikabadilisha sauti zikawa za Kiswahili. Kama gemu ina upungufu wake: ni fupi, na mapigano yanajirudia. Lakini miaka yote hiyo ya kucheza, sijawahi kumsikia mtu ndani ya mashine akimlilia baba yake kwa lugha yangu. Binti yangu aliyekuwa jikoni alikuja akasimama mlangoni mpaka mwisho.

"Haiisomi," nikamjibu. "Ni ya PS5."

Akacheka kidogo, akainama. "Basi unaona, mzee. Unaniambia nibaki na ya zamani, na wewe mwenyewe ile iliyokugusa uliichezea kwenye mpya."

Sikuwa na jibu zuri, na mpaka naingia studio sijalipata. Nilichoweza ni kumwambia amuulize yule wa Dar kama anayo yenye tundu, na bei yake. Akapiga simu pale pale. Ipo, imezidi kwa laki mbili na nusu, ataiweka mpaka Ijumaa.

Jana jioni nilipita kibandani. Pikipiki ilikuwa bado imeegeshwa nje. Ndani walikuwa kwenye penalti, na hakuna aliyeniona nikipita.

Mpaka wiki ijayo, kwaherini.