Bustani Zetu na Baridi ya Njombe
(Maneno ya Mweka Hazina siku ya kuadhimisha miaka 10 ya kikundi)

 

Nimeombwa niseme juu ya bustani. Fedha nyingi zinazotoka katika sanduku letu huenda shambani. Ukizungumza bustani, umezungumza sanduku.

Hapa Njombe tupo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi kama 6. Ndiyo maana mahindi yetu hukaa shambani hata miezi saba au minane. Na zao likichelewa kukomaa, fedha yake nayo huchelewa.

Mwaka wetu wa tatu, mnakumbuka, niliomba mkopo mwezi wa tano. Nikanunua mbegu ya viazi mviringo, nikapanda kwenye kinyungu changu chini kabisa karibu na mto, kwa sababu ya unyevu. Viliota vizuri hata nikajisifu. Usiku mmoja mwezi wa saba nyota ziliwaka, upepo ukatulia. Asubuhi nikakuta sakitu imetanda shamba zima. Jua lilipopanda, majani yakawa meusi kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Na marejesho yalikuwa mwezi wa nane! Nililia, jamani. Wapo waliosema nikamatiwe mbuzi wangu. Kikao kikaniongezea muda hadi Krismasi, nami nikalipa yote.

Nilijifunza nini? Hewa ya baridi ni nzito. Usiku huteremka kama maji na kutuama bondeni. Mwenzangu aliyepanda juu kidogo, kwenye mteremko, viazi vyake vilipona. Basi tangu hapo tunafanya hivi:

Mwezi wa sita hadi wa nane, bondeni tunaweka kabichi, sukuma wiki na vitunguu saumu, ambavyo huvumilia baridi. Njegere nazo huvumilia, ila sakitu ikizikuta na maua, hasara. Viazi na maharage ya vinyungu vinasubiri Agosti ikielekea mwisho.

Ukiona jioni mbingu hazina wingu na upepo umetulia, funika miche kwa nyasi kavu, na asubuhi uifunue. Bustani uwe umeimwagilia mchana, maana udongo wenye maji hutunza joto kuliko udongo mkavu.

Mvua zikianza Novemba, viazi vinapanda mlimani. Huko adui siyo sakitu tena, ni ukungu wa majani. Usirudie viazi pale pale palipotoka viazi.

Sasa nimalizie na jambo linalonisumbua. Wapo wenzetu wanaotaka mikopo yote irudi kulipwa kwa miezi mitatu, ili fedha izunguke haraka. Nawaelewa. Lakini kiazi hapa kwetu mara nyingi hakikomai kwa miezi mitatu. Mama atauza nini alipe? Atauza mbuzi, au atakopa kwingine. Mkopo wa biashara ndogo ulipwe kwa miezi mitatu, sawa. Wa bustani uachwe miezi sita kama tulivyokubaliana mwaka ule.

Kikundi kilinivumilia mimi. Kiwavumilie na wanaokuja.

Kidumu kikundi chetu!