Akiba Haiozi: Hotuba juu ya Matumizi ya Fedha

Leo nataka kusema nanyi juu ya adui asiye na silaha wala kelele, naye hutunyang'anya jasho letu kila mwezi. Adui huyo ni tamaa ya kununua kitu kwa sababu macho yamekiona, wala si kwa sababu nyumba inakihitaji.

Sitawanyoshea ninyi kidole kabla ya kujinyoshea mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilipokea mshahara siku ya Ijumaa. Nikienda kupanda basi, nikaona koti limetundikwa mlangoni pa duka. Nilikuwa na koti zima nyumbani. Lakini mwenye duka alipopunguza bei mara mbili, niliona kuwa nikiliacha nimepata hasara. Nikalipa shilingi 3,500. Wiki ya pili yake binti yangu alirudishwa nyumbani kwa salio la karo, shilingi 3,000. Alikaa siku nne bila masomo, hata nilipokopa kwa jirani. Asubuhi moja nilivaa koti lile. Mtoto akalitazama, akanitazama mimi, asiseme neno. Siku hiyo ndipo nilipoijua bei yake ya kweli.

Wazee wetu walifunga fedha katika pindo la leso au waliizika ndani ya mkebe. Kuifungua kulikuwa na taabu, na taabu hiyo ilimpa mtu nafasi ya kufikiri. Tangu M-Pesa ilipoanza hapa Kenya mwaka 2007, fedha huenda kwa kubonyeza kidole. Hiyo ni neema kubwa, maana mama aliye kijijini hupata msaada saa ile ile. Lakini fedha iliyo nyepesi kuja ni nyepesi pia kuondoka.

Kadhalika mkopo. M-Shwari ilipoanza mwaka 2012, ada ya mkopo wa siku 30 ilikuwa 7.5 kwa mia. Aliyekopa shilingi 1,000 alirudisha 1,075. Shilingi 75 si nyingi machoni. Lakini aliyekopa hivyo kila mwezi alilipa ada ya shilingi 900 kwa mwaka, karibu sawa na fedha yenyewe aliyokuwa akiikopa. Kukopa kwa ajili ya mgonjwa ni haki. Kukopa kwa ajili ya karamu ya Jumamosi ni kuuza jasho la mwezi ujao.

Basi, tufanyeje? Kwanza, ondoa akiba siku ile ile unapopokea fedha, kabla ya kununua hata sukari. Anayengoja kuweka kitakachobaki huona hakikubaki kitu.

Pili, andika katika daftari kila senti itokayo, kwa muda wa mwezi mmoja tu. Utashangaa kuona ni wapi inakopotelea.

Tatu, ukitamani kitu ambacho hukukusudia kukinunua, ngoja siku tatu. Tamaa nyingi hufa zenyewe siku ya pili.

Nne, weka akiba mahali pasipofunguka upesi: katika chama chenu, katika chama cha akiba na mikopo, au katika Benki ya Akiba ya Posta, ambayo imekuwapo tangu mwaka 1910.

Nawe mkulima upokeaye bonasi ya chai, usiihesabu kuwa ni fedha ya sikukuu. Igawanye kwa idadi ya miezi iliyosalia mpaka malipo mengine, ndipo utajua una kiasi gani.

Zungumzeni jambo hili nyumbani, mume na mke pamoja, maana mfuko unaotobolewa na mmoja hauwezi kujazwa na mwingine. Haba na haba hujaza kibaba. Koti lile ningali nalo. Nalivaa ili nikumbuke. Kwaherini.