Ibada ya Betheli



Siku hizi za yubile tumeimba sana, nasi twamshukuru Mungu. Walakini twataka kutazama ibada ya watu wengine, iliyofanywa Betheli katika Israeli, miaka kama 760 kabla ya kuzaliwa kwake Kristo, zamani za Yeroboamu wa pili.

Nchi ilikuwa imestawi. Waliochimba magofu ya Samaria katika miaka ya 1930 waliona vipande vingi vya pembe za ndovu zilizonakshiwa. Basi vile vitanda vya pembe alivyovitaja Amosi havikuwa fumbo. Sadaka zilichinjwa, zaka zililetwa, vinanda vililia. Nani angaliwalaumu?

Akaja Amosi, mchungaji wa Tekoa katika Yuda, mtunza mikuyu. Hakuuliza kama wimbo ulikuwa mzuri. Aliuliza habari za mizani. Maana watu wale wale walingoja sabato iishe wapate kuuza ngano kwa kipimo kilichopunguzwa. Tena Torati yaagiza kwamba nguo ya maskini iliyowekwa rehani irudishwe kabla ya jua kuchwa, maana hana nyingine ya kujifunika usiku. Nao walizitandika nguo hizo karibu na madhabahu, wakazilalia!

Mungu alikuwa amewarudi muda mrefu: njaa, mvua kunyesha mji huu na kukosekana mji ule, nzige, tauni, vita. Mara tano nabii asema kwamba hata hivyo hawakumrudia. Ni kama baba amwitaye mwanawe, na kila mara huongeza sauti. (Lakini tusimwambie upesi jirani aliyekosa mvua kwamba ameadhibiwa. Rafiki za Ayubu walisema hivyo, wakakemewa.)

Kuhani Amazia alimfukuza Amosi, kwa kuwa Betheli palikuwa mahali patakatifu pa mfalme. Karibu na mwaka 722 Waashuru waliutwaa Samaria.

Nasi tumeliita jambo letu yubile. Katika Mambo ya Walawi baragumu ya mwaka wa 50 ilipopigwa, shamba lilirudi kwa mwenyewe, na aliyejiuza kwa umaskini alikwenda kwao. Sadaka yetu ya shukrani italetwa madhabahuni Jumapili. Zimebaki siku nne, na yeyote kati yetu aliyeshika rehani ya mjane ana nafasi ya kutosha kufika nyumbani kwake.