Goti Jipya Lisilazwe

Leo tunazungumza na wewe uliyewekewa goti la bandia, au unayemuuguza mzazi aliyetoka kwenye upasuaji huo.

Wengi hushtuka wakiona mtaalamu wa fiziotherapia akimsimamisha mgonjwa siku ileile ya upasuaji, au kesho yake. Si ukatili. Daktari akisharuhusu, mguu huo hukanyagiwa mapema, kwa magongo au fremu ya kutembelea. Mguu uliolala tu damu yake inaweza kuganda mishipani, na makovu ya ndani hukaza kiungo. Ndiyo maana kazi huanzia kitandani: nyayo juu, nyayo chini, kaza msuli wa paja, legeza.

Kuna jambo linaloniumiza, kwa kuwa linatokana na upendo. Ndugu huweka mto chini ya goti ili mgonjwa apate nafuu. Nafuu anaipata, lakini goti huzoea kupinda, na baadaye hukataa kunyooka. Mtu akabaki anachechemea. Wekeni mto chini ya kisigino, nyuma ya goti pabaki wazi. Kukunja nako kunahitajika: kuinuka vizuri kitini kunataka goti lifike nyuzi 90 au zaidi.

Maumivu yatakuwepo. Mpeni dawa alizoandikiwa muda mfupi kabla ya mazoezi, asiyaache. Lakini kigimbi kikivimba na kuuma, kidonda kikitoa usaha, au pumzi ikibana ghafla, msingoje siku ya kliniki. Mpelekeni hospitali saa hiyohiyo.